Vitunguu vyangu vya Nzuguni vimetoa majani tu: nilikosea wapi?

Swali: Shikamoo bibi shamba. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nyuma ya nyumba nina kieneo cha mita 4 kwa 5. Msimu wa mvua uliopita nilipanda vitunguu maji Desemba, mvua zilipoanza tu. Majani yalistawi mpaka majirani wakawa wanakuja kutazama. Nikaongeza urea mara tatu, ya mwisho mwezi Machi, na kila nikipalilia nikawa nakusanyia udongo kwenye shina kama viazi. Aprili nilipong'oa, shingo zilikuwa nene kama kidole gumba na kitunguu chenyewe ni kama ndimu, vingine mapacha. Vichache vilivyokuwa vizuri nilivikata majani siku hiyo hiyo, nikavianika juani, kisha nikavitia kwenye mfuko wa sandarusi. Wiki tatu vyote vimeoza. Maji yangu ni ya bomba siku ya mgao, na siku nyingine nachota kisima cha jirani, kina chumvi kidogo. Naomba uniambie ukweli: ni ardhi ya Dodoma haifai, au niliuziwa mbegu mbovu? Nataka kujaribu tena mwaka huu.

Jibu:

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri sana, na kwa maelezo haya naweza kukujibu bila kubahatisha. Ardhi ya Dodoma inafaa. Mbegu yako nayo siilaumu, maana mbegu mbovu isingekupa majani ya kuita majirani. Kilichokuangusha ni tarehe, ile urea ya Machi, na namna ulivyovitunza baada ya kung'oa. Vyote vitatu unaweza kuvirekebisha mwaka huu huu, na kwa kuwa tuko Februari, bado una muda wa kutosha.

Nianze na tarehe kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa huku kwetu wanapokosea, wakiwemo wanaolima ekari nzima. Tumezoea kwamba mvua ikinyesha unapanda. Kwa mahindi, uwele, mtama na karanga ni sawa kabisa. Kitunguu kina tabia nyingine: kinapenda maji mizizini na ukavu majanini. Angalia mahali vitunguu vinakosifika nchini: Mang'ola kule kando ya Ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni kwenye njia ya kwenda Iringa, na jirani zetu wa Singida. Hizo zote ni sehemu kavu. Kule Mang'ola na Ruaha Mbuyuni mkulima anayaongoza maji ya mto au chemchemi yaingie chini ya mmea wakati juu jua linawaka na hewa haina unyevu. Ukavu ambao sisi wa Dodoma tunaulalamikia kila siku ndio huo kitunguu kinautafuta. Tunachotakiwa kuongeza ni maji ya mkono tu.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Machi au Aprili. Ukipanda Desemba, majani yanalowa miezi yote minne. Majani yaliyolowa yanakaribisha magonjwa ya ukungu, hasa baka zambarau na ubwiri. Halafu kitunguu kinafika umri wa kukomaa wakati udongo bado umeshiba maji, kwa hiyo hakipati ile ishara ya kumwambia sasa funga. Kinaendelea kula tu.

Sasa nikueleze hiyo urea, na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ukilielewa hili hutasahau tena.

Ukikata kitunguu katikati unaona duara juu ya duara. Kila duara ni kitako cha jani moja. Jani likiwa pana na lenye afya, duara lake linakuwa nene. Majani yakiwa machache, maduara yanakuwa machache. Maana yake ukubwa wa kitunguu unajengwa mapema, wakati mmea bado unatoa majani. Wakati huo ndio wa kuulisha. Ukifika muda wake, mmea unaacha kutoa majani mapya, unaanza kuhamishia chakula chini, na shingo inabaki tupu ndani kwa sababu hakuna jani jipya linalopita katikati. Shingo ikiwa tupu inalegea, inalala chini yenyewe, inakauka na kujifunga. Kile kifungo ndicho kinachozuia vimelea vya kuoza visiingie.

Wewe Machi, wakati mmea unataka kuacha kutoa majani, ukaupa urea. Urea ni naitrojeni tupu, na naitrojeni inauambia mmea: toa majani. Mmea ukatii. Ukaendelea kusukuma majani mapya katikati ya shingo, shingo ikabaki imejaa, nene, mbichi, haikulala wala kufunga. Ndiyo maana ulipata kidole gumba juu na ndimu chini. Mapacha nao mara nyingi ni ndugu wa tatizo hilo hilo: mbolea nyingi, nafasi pana kupita kiasi, au kiu kali inayofuatwa na maji mengi ghafla, basi kitovu cha mmea kinagawanyika kuwa viwili.

Na lile la kukusanyia udongo kwenye shina, liache kabisa. Kiazi mviringo kinazaa chini, kinahitaji kufunikwa. Kitunguu kinakaa juu ya udongo. Kikianza kujaa utaona mabega yake yametoka nje na udongo umepasuka pembeni. Usione huruma ukakifunika. Ukikifunika, shingo inakaa kwenye unyevu na kitunguu kinabanwa.

Kalenda nitakayokupa inafuata sikukuu zetu ili usiisahau. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Machi au wiki ya kwanza ya Aprili. Hamisha miche kati ya katikati na mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Mbolea ya mwisho ya kukuzia iwe imeingia kabla ya Sabasaba. Baada ya hapo ufunge mfuko. Ukifika Nanenane, watu wanapojaa hapo uwanjani kwenu Nzuguni, vitunguu vyako vinatakiwa viwe vinajaa mabega, na mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba shingo zinalala. Unavuna kwenye kipindi kikavu kuliko vyote vya mwaka, na unakausha bila kuogopa wingu.

Usichelewe sana ukasema utapanda Julai. Inawezekana, lakini vitunguu vitajaa Oktoba, joto likiwa kali na vithiripi wakiwa wengi, na unaweza kuvuna mvua za kwanza zikipiga hodi.

Kuhusu mbegu, ulinunua aina gani hukuniambia, ila nikutahadharishe jambo moja. Kitunguu huanza kujaa kwa kufuata urefu wa mchana. Sisi Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, mchana wetu ni saa 12 karibu mwaka mzima. Kati ya Juni na Desemba tofauti ni dakika 40 hivi tu. Kuna aina za vitunguu za nchi za baridi, kama Ulaya ya kaskazini, zinazosubiri mchana wa saa 14 hadi 16 ndipo zijae. Huku kwetu mchana huo hauji kamwe. Niliwahi kuitwa na familia moja iliyoletewa pakiti nzuri ya rangi na ndugu yao aliyekuwa Ulaya. Walimwagilia miezi 7. Walipata majani ya kutosha mboga, kitunguu hakuna hata kimoja. Kwa hiyo nunua Red Bombay, Red Creole au Mang'ola Red, ambazo zinajaa kwenye mchana wetu. Texas Grano nayo inajaa, ni kubwa na tamu kwenye kachumbari, ila haitunziki muda mrefu. Kwa jikoni mwako ningechukua Red Creole au Mang'ola Red, maana vinakaa.

Nunua pakiti iliyofungwa na soma tarehe. Mbegu ya kitunguu inakufa haraka kuliko ya mboga nyingi. Ikishapita mwaka mmoja kwenye joto letu, uotaji unaporomoka. Kabla hujasia, ijaribu: hesabu mbegu 20, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya kikombe kilichofunikwa mahali pa kivuli. Ndani ya siku 7 hadi 10, zikiota 16 na zaidi, sia kwa raha. Zikiota 10, sia kwa wingi mara mbili. Zikiota 5, rudi dukani.

Kwa eneo lako, gawa mita 4 za upana kuwa vijaruba vitatu vya mita 1, na njia mbili za nusu mita katikati. Kila kimoja kina urefu wa mita 5. Hapo una mita za mraba 15 za kupanda. Ukipanda sentimita 10 kati ya mche na mche, na 15 kati ya mstari na mstari, utaingiza miche 900 na ushee. Hata kila kimoja kikiwa na gramu 70 tu, hizo ni kilo 63. Mbegu ya gramu 10 inakutosha na kubaki, kwa sababu gramu moja ina mbegu 250 hivi.

Nimesema vijaruba makusudi. Kiangazi chetu kina upepo na jua. Tuta lililoinuka linakauka saa sita mchana na maji unayomwaga yanateremka njiani. Chimba kijaruba kiwe chini kidogo ya njia, sentimita 5 hadi 8, na kingo zilizoinuka pembeni, ili kila tone libaki ndani. Matuta yaliyoinuka ni ya wakati wa mvua, na wakati wa mvua mimi na wewe tumekubaliana hatupandi kitunguu.

Kitalu nacho kisikutishe. Mita 1 kwa mita 1 na nusu inakutosha. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, chora mistari ya kina cha sentimita 1, umbali wa sentimita 10, mwaga mbegu nyembamba, fukia kidogo, tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Zikianza kuchomoza, siku ya 7 hadi 10, ondoa nyasi jioni. Utaona kila mche umetoka umejikunja kama kitanzi. Usiuguse, utajinyoosha wenyewe. Mwezi wa Aprili mvua inaweza kukushtukiza, basi uwe na kichanja chepesi cha majani au turubai la kufunika mvua kubwa ikija, kisha ufunue. Adui mkubwa hapa ni kinyaushi: miche inakatika usawa wa udongo na kulala kama imechemshwa. Kinaletwa na msongamano na maji mengi. Mwagilia asubuhi, punguza miche iliyobanana, na udongo wa juu uachie upumue kati ya kumwagilia na kumwagilia.

Miche inahamishwa ikiwa na wiki 6 hadi 8, unene wa penseli, majani 3 au 4. Wiki ya mwisho punguza maji ili ijikaze. Usiingoje inenepe zaidi ya hapo. Juni na Julai usiku wa Dodoma unapoa hadi nyuzi 13 hivi, na mche mnene ukipigwa na baridi ya namna hiyo unaweza kudhani umeshapita mwaka, ukatoa ua. Kitunguu kilichotoa ua hakijai tena. Ukikiona kimechomoa kile kijiti kigumu cha katikati, king'oe ukapikie mboga siku hiyo.

Hamisha jioni. Loweka kitalu kwanza, ng'oa taratibu, panda kina kile kile mche ulichokuwa nacho, usizamishe. Mche uliozamishwa unachelewa na kitunguu chake kinarefuka kama chupa. Siku 3 za kwanza majani yataonekana yamelala kama yamekufa. Usihangaike, wala usimwage maji ya hasira. Siku ya 5 yatainuka.

Sasa maji, na hapa nataka tuhesabiane kweli kabla hujachimba hata jembe moja. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu, haina uwezo wa kufuata unyevu chini kama mahindi au mbaazi. Katika kiangazi cha Dodoma, mita moja ya mraba inataka lita 5 hivi kwa siku. Mita zako 15 zitataka lita 75, yaani karibu madumu 4 ya lita 20, kila siku, au madumu 8 kila baada ya siku moja. Jiulize kama nyumba yenye watoto watatu na maji ya mgao inaweza kutoa hayo kwa miezi mitatu. Kama jibu ni hapana, panda kijaruba kimoja. Dumu moja na robo kwa siku hakuna anayeshindwa, na kijaruba kimoja kilichoshiba kitakupa kilo 20. Vitatu vyenye kiu vitakupa mapacha.

Tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga katikati ya mistari. Zitakupunguzia maji na magugu pamoja. Na usiamini uso wa udongo. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili: ukikuta unyevu, acha, pakavu, mwagilia.

Kisima cha jirani kinanipa wasiwasi kuliko vyote ulivyoandika, ingawa wewe umekitaja kwa neno moja. Kitunguu ni kati ya mboga zisizovumilia chumvi, na mche mchanga ndio hauvumilii kabisa. Maji yenye chumvi hayauui mara moja. Yanaudumaza, ncha za majani zinaungua, nawe unadhani ni kiu, unaongeza maji yale yale. Kitalu chote, na wiki 3 za kwanza baada ya kuhamisha, tumia maji ya bomba peke yake. Siku ya mgao jaza kila chombo, kisha weka alama kwenye vyombo vya kitalu ili watoto wasichanganye. Baada ya hapo unaweza kupokezana bomba na kisima, na kila baada ya wiki mbili upe udongo maji ya bomba mengi kwa mkupuo mmoja ili yaisukume chumvi ishuke chini ya mizizi. Maji ya kisima yamwage kwenye udongo, yasiguse majani. Majivu usitie, kwa sababu yanazidisha hali ya magadi kwenye udongo ambao huenda unayo tayari. Mbolea ya kuku mbichi nayo ina chumvi, iache. Na maji ya kufulia nguo yapeleke kwenye mti, usiyalete hapa.

Mbolea basi. Sasa hivi, Februari, tafuta samadi ya ng'ombe au mbuzi. Hapa Dodoma hilo si tatizo, maboma yako kila upande. Irundike, iloweshe, ifunike, igeuze kila wiki mbili, ifikapo Mei iwe imepoa na kunuka udongo. Debe moja linatosha mita 3 za mraba. Siku ya kupanda changanya na mbolea ya kupandia kidogo, DAP, ili mizizi ipate fosforasi. Kisha mbolea ya kukuzia mara mbili tu: wiki ya 3 baada ya kuhamisha, na wiki ya 6. Tumia CAN, vizibo 10 vya soda kwa kijaruba kimoja kila mara, imwage katikati ya mistari na mwagilia hapo hapo. Wiki ya 6 inaangukia mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Ndiyo nikasema Sabasaba. Baada ya siku hiyo, hata majani yakikupa huruma kwa rangi hafifu, usiongeze.

Magugu yang'oe kwa mkono, mapema, yakiwa madogo. Jani la kitunguu ni jembamba, halitii kivuli cha kuyazuia, kwa hiyo gugu lolote linalishinda. Kama eneo lako lina ndago, zichimbue na vitunguba vyake vyote kabla ya kupanda, usiseme utazing'oa baadaye.

Wadudu, nitakutajia wawili na kuku. Sota ni kiwavi cha udongoni, anakata mche usiku na kuuacha umelala. Asubuhi na mapema fukua sentimita chache kando ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, muue. Kwenye bustani ndogo hahitaji dawa. Kuku, zungushia miiba au wavu, maana hawali kitunguu ila wanaparua matandazo yote na miche pamoja.

Vithiripi ndio wenyewe. Ni wadogo kuliko chawa, wana rangi ya manjano au kahawia, wanajificha pale majani yanapoungana na shingo. Wakishambulia, jani linapata michirizi ya rangi ya fedha kama limekwanguliwa. Vile vidonda ndivyo mlango wa baka zambarau. Kila wiki chagua mimea 10, fungua katikati ya majani, tazama. Ukianza kuwaona kwa wingi, piga maji kwa nguvu kwenye makutano ya majani, asubuhi, ili majani yakauke kabla ya jioni. Halafu tumia mwarobaini, na mji wetu huu umejaa mwarobaini kila mtaa. Okota mbegu zilizoanguka, zikaushe kivulini, menya maganda, twanga nusu kilo, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya maji kijiko kimoja ili ishike jani, nyunyiza jioni. Rudia baada ya siku 7. Nakusihi sana usinunue dawa ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo. Hiki ni chakula cha watoto wako, kiko mita tano kutoka mlangoni.

Tufike mavuno, mahali ulipopoteza hata vile vizuri vichache.

Shingo zikianza kulala zenyewe, hesabu. Zikifika nusu ya mimea, acha kumwagilia kabisa. Wapo watu wanaozikanyaga ili zilale haraka. Shingo iliyovunjwa ina jeraha, iliyolala yenyewe imefunga. Subiri. Baada ya siku 10 hadi 14, asubuhi, chomekea uma au kijiti chini ya kitunguu, kiinue, usikivute kwa majani.

Usikate majani siku ile. Hilo ndilo lililokuozeshea, pamoja na mfuko. Panga vitunguu chini kwa mistari, majani ya mstari mmoja yafunike vitunguu vya mstari mwingine, kwa sababu jua letu la Septemba linachoma ngozi mpaka linapika nyama ya ndani. Siku 2 au 3 zinatosha. Kisha vihamishie kivulini kwenye hewa, juu ya kichanja au hata kitanda cha kamba cha zamani, siku 10 hadi 14. Vinakuwa tayari pale shingo inapokauka kabisa ukiifinya kwa vidole, na ganda la nje linachakacha kama karatasi. Hapo ndipo unakata, ukiacha kikonyo cha sentimita 2 au 3, na mizizi unaipunguza.

Tenga vyenye shingo nene, mapacha na vilivyochubuka, uvipike kwanza. Vilivyobaki vitie kwenye mfuko wa wavu au uvisuke mafungu uning'inize jikoni mahali moshi hauji kwa wingi. Sandarusi inazuia pumzi. Kitunguu kinahema na kutoa unyevu, na unyevu usipopata njia unazaa uozo. Usivitie kwenye friji wala kuviweka pamoja na viazi. Chumba chenye hewa kavu ya nyuzi 25 hadi 30, kama vyumba vyetu vya Septemba na Oktoba, kinakitunza kitunguu vizuri kuliko unavyodhani. Kila wiki vipitie kwa mkono, ukinusa harufu tofauti tafuta kilicholainika ukitoe.

Baada ya hapo, mvua ikianza, eneo hilo panda kunde au mahindi ya kuchoma. Usirudishe kitunguu wala kitunguu saumu kwenye kijaruba kile kile kwa miaka 3, kwa sababu magonjwa yake yanabaki udongoni. Kwa kuwa una vijaruba vitatu, na huenda maji yako ni ya kimoja, mzunguko wako uko tayari: mwaka huu cha kwanza, mwakani cha pili, mwaka unaofuata cha tatu.

Kabla hujanunua mbegu, naomba unifanyie kazi moja ndogo. Chukua makopo mawili yenye tundu chini, tia udongo wa bustani yako, kimoja mwagilia maji ya kisima na kingine ya bomba kwa wiki tatu, na katika kila kimoja panda mbegu 10 za mchicha na 10 za vitunguu kama unazo zilizobaki. Udongo wa kopo la kisima ukikauka na kuacha utando mweupe juu, au vitunguu vya kopo hilo vikashindwa kuota wakati vya kopo la bomba vimeota, niandikie kabla ya Machi kuisha. Hapo itabidi tupange kijaruba kimoja tu cha maji ya bomba, na kisima tukiachie mchicha, ambao unaivumilia chumvi kuliko kitunguu.